Irabu tano ndani ya kompyuta: mwongozo wa kuimbisha ZynAddSubFX kwa fomanti

Nong'ona irabu tano kwa mpangilio huu: u, o, a, e, i. Usiimbe, toa pumzi tu, taratibu. Utasikia kitu kinapanda kutoka u hadi i, utadhani ni noti. Si noti, kwa sababu ukinong'ona nyuzi za sauti hazitetemi. Kinachopanda ni mwangwi wa kinywa chenyewe: ulimi unasogea mbele, midomo inaachia duara lake, na uwazi wa ndani unabadilika umbo. Sasa imba irabu zilezile kwenye noti moja. Noti imesimama palepale, irabu zinapita. Ukishasikia kwamba noti na irabu ni vitu viwili, kila kimoja na njia yake, usanisi wa fomanti umeshauelewa. Kilichobaki ni kujua nobu (kitufe cha kuzungusha) ipi inafanya nini.

Fomanti ni kilele cha huo mwangwi, yaani eneo la frikwensi (kasi ya mtetemo, hupimwa kwa Hz) ambalo kinywa kinalipa nguvu zaidi. Kila irabu ina vilele kadhaa, lakini viwili vya kwanza ndivyo vinavyoitambulisha. Cha kwanza kinafuata kinywa kimefunguka kiasi gani: kwenye a kiko juu, kwenye i na u kiko chini. Cha pili kinafuata ulimi: ukiwa mbele (i, e) kinapanda, ukirudi nyuma (o, u) kinashuka. Vinavyofuata vinatia rangi ya sauti. Gunnar Fant, mhandisi wa Sweden, aliyaweka haya kwenye hesabu mwaka 1960: koo ni chanzo, kinywa ni filta. Kabla yake, mwaka 1939, mashine ya Voder ilikuwa imeshazungumza mbele ya watu kwenye maonyesho ya New York, mwendeshaji akiicheza kwa vidole na kanyagio. Mwaka 1998 Yamaha walitoa FS1R, sintesaiza ya chuma iliyojengwa juu ya fomanti. Leo kazi hiyo inafanywa na plagini ya bure kwenye laptopu ya kawaida.

Sisi tunaoimba kwa Kiswahili tuna nafuu kubwa hapa. Irabu zetu ni tano tu na kila moja ina herufi yake. Anayetaka kufanya hivi kwa Kiingereza ana kazi zaidi ya maradufu.

Utakachohitaji

Nitatumia ZynAddSubFX, sintesaiza iliyoanzishwa na Paul Nasca wa Romania na kutoka mara ya kwanza mwaka 2002. Ni ya bure, ni nyepesi, na filta yake ya fomanti inakuruhusu kuandika irabu mwenyewe badala ya kukubali alizokuchagulia mtu mwingine. Ukiwa na LMMS, programu ya bure ya kutengenezea muziki, huna haja ya kupakua kitu kingine, maana inakuja nayo ndani. Wenye programu nyingine za muziki wanaweza kuiweka kama plagini ya VST au LV2. Toleo jipya, Zyn-Fusion, lina sura tofauti, lakini vitu vya ndani ni vilevile.

Wengine watauliza kwa nini si Vital, ambayo nayo ina toleo la bure na inapendeza zaidi machoni. Filta yake ya fomanti ni mraba wenye irabu nne kwenye kona, unasogeza nukta katikati na sauti inabadilika. Kwa haraka haraka inafaa sana. Ila mraba mmoja ni A, O, I, E na mwingine ni A, I, U, O. Ukichagua wa kwanza umekosa u, ukichagua wa pili umekosa e. Kwa Mswahili hilo ni pengo.

Spika za laptopu zisikudanganye: fomanti ya kwanza ya i na u iko karibu na Hz 300, na spika nyingi ndogo eneo hilo hazilitoi vizuri. Vaa hedifoni.

Hatua ya 1: chanzo chenye kelele ya kutosha

Ndani ya LMMS, buruta ZynAddSubFX kutoka orodha ya ala hadi kwenye Song Editor, bofya jina lake, kisha "Show GUI". Ikikuuliza kama unataka sura ya anayeanza au ya mzoefu, chagua ya mzoefu. Bofya "Edit instrument". Utaona injini tatu: ADsynth, SUBsynth na PADsynth. Acha ADsynth peke yake iwe imewashwa, kisha bofya "Edit" yake.

Fungua "Show Voice Parameters" na kwenye osileta bofya "Change". Kwa kawaida wimbi lililopo ni sine. Sine ina hamoniki moja tu (hamoniki ni noti yenyewe na vizidishio vyake), kwa hiyo filta haitapata cha kuchonga, hata uizungushe mpaka kesho. Badilisha "Base Func" iwe "Saw". Wimbi hili la msumeno hamoniki zake zinashuka dB 6 kila oktava, na hiyo ni karibu sawa na mteremko wa sauti ya binadamu ikishapita kooni na kutoka midomoni, kabla hujahesabu fomanti zenyewe. Ndiyo maana msumeno unakubali kuwa koo bila ubishi. "Pulse" nayo inafaa ukitaka sauti ya puani zaidi.

Cheza noti ya A iliyo chini ya C ya kati, yaani Hz 220, na A ya oktava moja chini yake, Hz 110. Itavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye mkebe. Ndivyo inavyotakiwa iwe kwa sasa.

Hatua ya 2: badilisha filta iwe kinywa

Rudi kwenye dirisha kuu la ADsynth. Sehemu ya "Filter" ina menyu iitwayo "Category". Iondoe kwenye "Analog", weka "Formant". Kitufe cha "Edit" kitatokea hapo hapo. Kabla ya kukibofya, fanya usafi mdogo utakaokuokolea muda baadaye: weka "V.SnsA" kwenye sifuri na "freq.tr" katikati. Ya kwanza inafanya nguvu ya kidole ibadilishe filta, ya pili inafanya kimo cha noti kiibadilishe. Kwa filta ya kawaida zina faida. Kwa fomanti zinamaanisha kwamba ukigonga kwa nguvu unapata irabu nyingine, na ukipanda noti unapata nyingine tena. Utahangaika na namba zako ukidhani umeziandika vibaya, kumbe ni hizo mbili.

Envelopu (inayobadilisha filta mara moja kwa kila noti) na LFO (inayoitikisa kwa mzunguko) za filta nazo zitulize: kwenye envelopu weka thamani zote za "val" katikati, na kwenye LFO shusha "Depth" hadi sifuri. Tutaziamsha baadaye.

Sasa bofya "Edit". Utaona mchoro wa vilele na nobu nyingi ndogo. Usiogope. "Num Formants" ni idadi ya vilele, weka 3. "Vowel no." ni namba ya irabu unayoihariri, kuanzia 0 hadi 5. "Formant no." ni kilele unachokihariri ndani ya irabu hiyo, nacho kinaanzia 0. Chini yake kuna nobu tatu za kilele hicho: frikwensi, Q na nguvu. Ukizungusha, mchoro unakuonyesha frikwensi kwa kHz na nguvu kwa dB, kwa hiyo huna haja ya kukisia.

Jambo moja usishangae nalo: frikwensi za mwanzo ndani ya dirisha hili ni za kubahatisha. Programu inazipanga ovyo kila unapoanza upya, ndiyo maana kabla hujaandika chochote sauti inaweza kutoka kama lugha usiyoijua. Wapo wanaozihifadhi hizo sauti za bahati, na baadhi ni nzuri kweli. Lakini leo tunataka tano zinazojulikana.

Hatua ya 3: andika irabu

Namba hizi ni za mwanamume anayeimba sauti ya tenor, fomanti tatu za kwanza, na nguvu ya kila moja ikilinganishwa na ya kwanza.

Irabu 0, a: Hz 650, 1080, 2650. Nguvu: 0, −6, −7 dB.
Irabu 1, e: Hz 400, 1700, 2600. Nguvu: 0, −14, −12 dB.
Irabu 2, i: Hz 290, 1870, 2800. Nguvu: 0, −15, −18 dB.
Irabu 3, o: Hz 400, 800, 2600. Nguvu: 0, −10, −12 dB.
Irabu 4, u: Hz 350, 600, 2700. Nguvu: 0, −20, −17 dB.

Mchoro utasoma 0.65 badala ya 650, na nobu haitatua kwenye namba kamili. Ukipata 0.64 au 0.66 endelea na safari yako, sikio halitalalamika.

Tazama e na o. Fomanti ya kwanza ni ileile, Hz 400, na ya tatu ni ileile. Kinachozitenganisha ni ya pili tu, 1700 dhidi ya 800, pamoja na tofauti ndogo ya nguvu. Ukitaka kuelewa kazi yote hii kwa dakika moja, weka e, shika nobu ya frikwensi ya kilele cha pili, na ushushe polepole ukiwa umeshikilia noti. Utasikia ulimi unarudi nyuma ndani ya kinywa ambacho hakipo.

Nguvu watu wengi wanaziruka. Wanaandika frikwensi, wanaacha vilele vyote vikiwa sawa, halafu wanalalamika kwamba u inatoka kama mluzi. U ni giza: kilele chake cha pili kiko dB 20 chini ya cha kwanza. Ukikiacha kikiwa sawa na cha kwanza, giza hilo linapotea.

Q ni wembamba wa kilele. Anza na ilivyo, kisha iongeze kidogo kidogo mpaka irabu isikike wazi. Kinywa cha binadamu kina vilele vyenye upana wa Hz 60 hadi 150 hivi, vya chini vyembamba kuliko vya juu. Ukizidisha Q kila kilele kinaanza kulia chenyewe na sauti inakuwa ya kengele.

Umebaki na nafasi moja, irabu namba 5. Usiiache tupu, iandike m. Kiswahili kinaifanya m kuwa silabi kamili, kama kwenye mtu na mbwa, kwa hiyo imestahili kiti chake. Kinywa kikifungwa na sauti ikapita puani, kinachobaki ni mvumo wa chini: weka kilele cha kwanza karibu na Hz 250 kwa nguvu yote, cha pili karibu na 1000 na cha tatu karibu na 2200, vyote viwili vikiwa dB 25 hadi 30 chini.

Kupima kwa kunong'ona

Namba zimeingia, lakini masikio ndiyo yanayoamua. Njia ninayoiamini kuliko kukodolea mchoro ni hii. Fungua sauti ("Voice") ya pili kwenye ADsynth, iwashe, na aina yake badilisha kutoka "Sound" kuwa "NOISE". Zima sauti ya kwanza. Sasa chanzo ni pumzi tupu, na kwa kuwa filta kuu ni ya wote, pumzi hiyo inapita kwenye fomanti zilezile. Kompyuta inanong'ona. Nong'ona nayo, irabu moja moja, na ulinganishe. Tofauti ambazo msumeno ulikuwa unazificha zinajitokeza mara moja: e yako imeegemea i, au o imefunguka mno. Rekebisha kilele cha pili kwanza, cha kwanza baadaye, cha tatu karibu usikiguse.

Ukimaliza washa sauti ya kwanza tena, na hiyo ya pumzi usiizime. Ishushe sana tu. Pumzi kidogo chini ya sauti inaondoa plastiki.

Hatua ya 4: zifanye zisogee

Nina msimamo mmoja katika jambo hili, na ndio sababu ya kuandika mwongozo mrefu hivi: irabu moja iliyosimama haisemi kitu. Unaweza kuandika a kwa usahihi wote, ukaishikilia sekunde kumi, na msikilizaji atasikia kinanda. Mpe a kisha u, atasikia mdomo. Sikio linaitambua irabu kwa kuilinganisha na iliyotangulia, na linautambua mwendo wa kutoka moja kwenda nyingine kuliko kituo chochote. Kwa hiyo usipoteze jioni nzima kusafisha a. Ikishakuwa nzuri kiasi, hamia kwenye mwendo.

Upande wa pili wa dirisha la fomanti kuna mfuatano. "Seq Size" ni idadi ya hatua, hadi 8. "S.Pos" ni hatua unayoihariri, na "Vowel" ni irabu inayokaa kwenye hatua hiyo. Anza na ukubwa wa 2: hatua 0 weka irabu 3, hatua 1 weka irabu 0. Hiyo ni o na a.

Kinachokusogeza ndani ya mfuatano ni nobu ya "C.freq" ya filta, ile ambayo kwenye filta ya kawaida ingekata sauti za juu. Hapa haikati kitu, inachagua mahali. Shikilia noti, izungushe polepole, na kompyuta itasema "oa". Endelea kuizungusha itasema tena, kwa sababu mfuatano ni mduara: ukifika mwisho unarudi mwanzo. "Strtch" inaamua mduara huo unazunguka mara ngapi nobu inapotoka mwanzo hadi mwisho. Irekebishe mpaka upate mzunguko unaoweza kuumudu kwa mkono.

Badilisha hatua ziwe irabu 4 na 0, utapata "ua". Kuna "oa", "ua", "au", maneno kamili yasiyo na konsonanti hata moja. Sasa nenda kwenye hatua nne: 5, 0, 5, 0. Shikilia noti ya Hz 150 hivi, zungusha, na sikiliza. Inasema "mama". Haieleweki nusunusu, inaeleweka, na aliye chumba cha pili atageuza kichwa. Jaribu pia 5, 2, 5, 2 kwa "mimi" na 5, 4, 5, 1 kwa "mume".

Nobu mbili zinatawala jinsi mwendo unavyokwenda. "Vw.Cl." ni uwazi wa irabu: ukiipandisha, sauti inakaa kwenye irabu na kuvuka haraka katikati, ukiishusha, inateleza muda wote na unapata irabu nyingi za mchanganyiko ambazo si za lugha yoyote. Kwa "mama" ipandishe. Kwa mandhari ya nyuma ya wimbo ishushe. "Fr.Sl." inachelewesha fomanti zisiruke ghafla hata ukirusha nobu. Ulimi una uzito, haufiki papo hapo, kwa hiyo mwendo usio na ucheleweshaji wowote masikio yanaukataa.

Mkono ukichoka, ziko njia tatu za kuendesha "C.freq" bila kuigusa. Ya kwanza ni envelopu ya filta: kila noti inaanza kwenye irabu moja na kutua kwenye nyingine, "ua, ua, ua". Ya pili ni LFO ya filta, kwa mzunguko usiokoma. Ya tatu, na ndiyo ninayoipendelea kwa wimbo wenye maneno, ni otomesheni, yaani kuichorea programu mstari izungushe nobu yenyewe. Kwenye uso wa ala ndani ya LMMS kuna nobu ya "FREQ". Tengeneza traki ya otomesheni, shikilia Ctrl, buruta nobu hiyo hadi ndani yake, kisha chora mstari unaopanda na kushuka. Kwenye programu nyingine tumia kidhibiti cha MIDI namba 74, ambacho Zyn inakisoma kama frikwensi ya filta. Chora ngazi zenye kona zilizolainishwa, si mstari wa moja kwa moja, maana mtu akiimba hukaa kwenye irabu, huvuka, hukaa tena.

Noti za juu zinapoua irabu

Utacheza vizuri kwenye Hz 110, utapanda oktava mbili, na ghafla irabu zote zitafanana. Hakuna kilichoharibika. Msumeno una nguvu kwenye noti yenyewe na kwenye vizidishio vyake tu. Ukicheza Hz 440, hamoniki ziko 440, 880, 1320, 1760 na kuendelea. Fomanti ya kwanza ya u iko 350, chini ya hamoniki ya kwanza, kwa hiyo filta inainua mahali pasipo na sauti. Soprano wa kweli anapatwa na hilohilo. Kule juu kabisa maneno yake hayashikiki, hata awe bingwa. Baki kati ya Hz 100 na 260 ukitaka maneno. Juu ya hapo tumia a na o, na usitegemee i kutofautiana na u.

Kutaka sauti ya kike au ya mtoto ni jambo jingine, na watu hulichanganya na kupandisha noti. Mwanamke ana njia ya sauti fupi kuliko ya mwanamume, mtoto fupi zaidi, na bomba fupi lina mwangwi wa juu. Bomba la sentimita 17 lililozibwa upande mmoja, ambao ndio urefu wa kawaida wa mwanamume, lina mwangwi karibu na Hz 500, 1500 na 2500. Lifupishe na vyote vitatu vinapanda pamoja. Kwenye dirisha la fomanti nobu ya "C.f" inafanya hivyo hasa, inasogeza vilele vyote kwa uwiano uleule. Ipandishe kwa asilimia 15 hadi 20 kwa mwanamke, zaidi kwa mtoto. Namba ulizoandika hazivurugiki, zimehamia tu kinywa kidogo. Ukiishusha chini ya ilipokuwa unapata jitu.

Kuitia uhai

Weka ala iwe ya noti moja kwa wakati, hali ya "Legato", ili ukipita noti hadi noti bila kuachia kidole envelopu isianze upya. Washa portamento fupi, yaani noti iteleze hadi inayofuata. Kwenye sehemu ya "Frequency" ya ADsynth amsha LFO: mizunguko 5 hadi 6 kwa sekunde, kina kidogo, na "Delay" ya kutosha ili mtetemo uje noti ikishatulia. Mtetemo unaoanza pamoja na noti ni wa kengele ya mlango. Sikiliza waimbaji wa taarab wanavyoinyoosha noti kwanza ndipo waitikise, utajua uchelewe kiasi gani.

Ukitaka kwaya, usiongeze "Unison" (nakala za wimbi lilelile zikilia pamoja) kwenye ala moja. Nakili ala mara tatu, kila nakala ibadilishe "C.f" kidogo na mtetemo wake uwe na kasi tofauti, halafu zipange kushoto, katikati na kulia. Kwaya ni vinywa tofauti, na unison inazidisha chanzo tu huku kinywa kikibaki kimoja.

Wanaotaka sauti ya kifuani, ya kuvuka spika kubwa za ukumbini, waongeze "Num Formants" hadi 5 na kuweka vilele vitatu vya mwisho vya a kwenye 2650, 2900 na 3250, karibu karibu. Mrundikano huo wa karibu na kHz 3 ndio unaomfanya mwimbaji wa opera asikike juu ya okestra bila maikrofoni.

Ndani ya biti, ogopa kugombana na mwimbaji wako. Fomanti zimejengwa kukaa palepale anapokaa yeye. Akiimba, peleka otomesheni kwenye m au u, sauti ijifiche chini. Akinyamaza, ifungue hadi a. Hiyo inafanya kazi kuliko kukata kwa ikwalaiza, na kiitikio kinapata mtu wa kujibizana naye.

Konsonanti zikihitajika

Filta hii haitakupa t, k wala s. Hizo zinataka ukimya wa ghafla na mlipuko wa kelele, na kuzijenga kwa mkono ni kazi ya kukatisha tamaa. Kwa maneno kamili nenda kwa eSpeak NG, programu ya bure inayosoma maandishi kwa fomanti, yenye Kiswahili ndani yake. Wanaotumia kisoma skrini cha NVDA wanaijua vizuri, ndiyo sauti inayokuja nayo. Fungua dirisha la amri uandike:

espeak-ng -v sw -s 120 -p 40 -w sauti.wav "Karibuni nyote"

Namba baada ya -s ni kasi ya maneno kwa dakika, kawaida yake ni 175. Baada ya -p ni kimo cha sauti, kati ya 0 na 99. Utapata faili la WAV. Livute kwenye traki ya sampuli, katakata silabi, na uziweke juu ya irabu za Zyn mahali konsonanti zinapohitajika. "K" ya eSpeak ikifuatiwa na "a" ndefu ya Zyn inaungana vizuri, kwa kuwa zote mbili ni za ukoo mmoja. Usijaribu kuifanya idhaniwe ni mtu. Sauti ya fomanti ina uzuri wake wa mashine, na ukiificha chini ya riverbu nyingi unapoteza hata huo uliokuwepo.

Kabla ya kufunga, nenda kwenye menyu ya "Instrument" ya Zyn na uhifadhi kama faili la .xiz. LMMS itahifadhi kila kitu ndani ya mradi, ni kweli, lakini mradi unaofuata utaanza na zile irabu za kubahatisha. Ukiwa na .xiz yako unafungua, unabadilisha mfuatano tu, na frikwensi zote 18 ziko mahali pake.